Kutoka Kakesio Mpaka Boma la Arusha: Ushauri kwa Wanaojitolea kwa Makumbusho

Katikati ya mji wa Arusha lipo jengo jeupe lenye kuta nene, ambalo Wajerumani walilimaliza mwaka 1900 liwe ngome ya askari wao na makao ya utawala wao, na ambalo tangu mwaka 1987 limekuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe, mahali ambapo mwanafunzi aweza kusimama na kusoma habari za binadamu wa kale wa Oldupai na Laetoli. Kutoka jengo hilo mpaka Kakesio ni safari ndefu: lami hukoma kwenye lango la Lodoare, kisha huja vumbi la kiangazi au tope la masika, ukingo wa kreta ya Ngorongoro, Endulen, na mwisho nyanda za kusini zielekeazo Ziwa Eyasi. Makala hii nawaandikia watu walio katika ncha zote mbili za njia hiyo: wale wa mjini wenye nia ya kuitumikia nyumba ya makumbusho kwa hiari yao bila ijara, na wale wa Kakesio, Endulen na Mang'ola ambao pengine hudhani kuwa makumbusho ni shughuli ya serikali na ya watalii, wala haiwahusu. Neno langu kubwa ni moja, nami nalisema mapema ili msomaji apate kulipima: jengo liko mjini, lakini maneno yanayovipa vitu vyake maana yamo vinywani mwa watu wa vijijini, na kazi ya kwanza ya mwenye kujitolea ni kuyaleta maneno hayo yakae pamoja na vitu, kwa uaminifu wa mtu aliyewekewa amana.

Nyumba nyingi za kumbukumbu katika nchi zetu zilianza zikiwa nyumba za amri. Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni, yamo katika ukumbi wa ustawi wa jamii ambamo Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana mwishoni mwa Januari 1967, siku chache kabla Azimio halijatangazwa tarehe 5 Februari, na ukumbi huo ukafanywa makumbusho mwaka 1977. Boma la Iringa, lililojengwa zama za Wajerumani na kutumika baadaye kwa ofisi za serikali, lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Iringa na mradi wake wa Fahari Yetu. Huko Kenya, Makumbusho ya Nyeri yamo katika jengo la mahakama ya wenyeji la mwaka 1924, na Nairobi Gallery imo katika ofisi ya mkuu wa jimbo ya mwaka 1913, ambako wakazi walikuwa wakienda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Basi mtu anayetaka kutumikia nyumba ya namna hii, kabla hajajifunza jina la ndege hata mmoja aliyekaushwa katika makabati yake, na aijue nyumba yenyewe ilifanya nini. Boma la Arusha halikuota kama uyoga. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa Umeru. Jeshi la Wajerumani likaja kutoka upande wa Kilimanjaro kulipiza kisasi, mifugo ikatekwa, migomba ikafyekwa, na wenyeji wa Arusha na Meru wakashurutishwa kubeba mawe na kuchanganya chokaa ya ngome ile ile iliyokusudiwa kuwatawala. Mwenye kujitolea asiyeijua habari hiyo atawazungusha wageni katika vyumba kwa bashasha, na wajukuu wa waliobeba mawe watatoka mlangoni hawakusikia neno juu ya babu zao. Mimi huona hilo ni kosa zito kuliko kukosea tarehe.

Sasa, kujitolea ni nini? Watu wengi wenye moyo mwema huja makumbusho na shauku ya siku tatu, wakapanga viti, wakapiga picha, wakaaga. Hao hawana hatia, lakini faida yao ni haba, kwa sababu nyumba ya kumbukumbu hutunzwa kwa mambo madogo yanayorudiwa bila kukoma. Saa tatu za kila Alhamisi, mwaka mzima, zina thamani kuliko wiki mbili za mbio na makelele. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa vitendo ni huu: mwandikie barua mhifadhi wa makumbusho, umweleze unajua nini na unaweza kuja lini, msikilizane siku, saa na kazi, msikilizane pia nani atakayekuamuru, maana mwenye kujitolea yuko chini ya mhifadhi, wala hajaletwa kuwa mhifadhi wa pili. Kisha kiwepo kitabu cha zamu mlangoni, kila ajaye aandike jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kazi aliyoifanya. Siku usiyoweza kuja toa taarifa mapema, kwa kuwa darasa la watoto sitini lililosafiri tangu alfajiri kutoka Karatu halipaswi kukuta mlango umefungwa kwa sababu kiongozi wao amepata harusi.

Upo mfano mzuri wa jirani. Chama cha Kenya Museum Society kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya kuyasaidia Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na wanachama wake hujitolea kuongoza wageni, kuchangisha fedha na kuandaa mihadhara ya kuwafundisha watu historia, jamii na maumbile ya Kenya. Jambo la kuigwa hapo ni kwamba mtu husoma kwanza ndipo afundishe. Na kwa upande wa makumbusho yetu, nawaomba wakuu wake wasidhani kwamba kazi ya hiari ni kazi isiyo na gharama yoyote: mpeni mjitoleaji nauli yake na chakula cha mchana. Bila hivyo watakaobaki ni wenye mishahara na pensheni peke yao, na kijana wa Endulen mwenye ufasaha wa Kimaa, lugha ya Wamasai, ambaye ndiye tunayemhitaji kuliko wote, atabaki kwao.

Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, yatufundisha jinsi jambo la heri linavyoweza kuleta madhara likikosa uangalifu. Mwaka 1978 kundi la mwanaakiolojia Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita, mstari wenye urefu wa mita 27 hivi. Kazi ilipokwisha, mwaka uliofuata nyayo zilifunikwa tena ili zisalimike, na kuzifunika kulikuwa uamuzi wa busara. Lakini katika mchanga uliotumika zilikuwamo mbegu za migunga ambazo hazikuchekechwa. Zikaota, zikawa miti, na mizizi yake ikaanza kushuka kuelekea zile zile nyayo zilizokuwa zikilindwa. Ilibidi wataalamu wa Idara ya Mambo ya Kale na wa Taasisi ya Getty ya Marekani wazifukue upya mwaka 1995 na 1996, waing'oe mizizi, wazitibu nyayo, kisha wazifunike mara ya pili kwa uangalifu mkubwa zaidi, kwa mchanga uliochekechwa na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na mawe juu yake. Tangu hapo kinachohitajika ni mtu wa kupita mara kwa mara, kutazama kifuniko kile, na kung'oa miche ingali midogo. Hiyo ndiyo sura halisi ya kazi ninayoihubiri: kuinama na kung'oa mche wenye urefu wa kidole, mwezi huu na mwezi ujao, pasipo mtu wa kukupigia makofi.

Nageukia sasa lile nililoliita kazi ya kwanza, yaani kuyaleta maneno yakae pamoja na vitu. Chukua kibuyu cha maziwa cha Kimasai. Kikiwa kabatini chini ya karatasi iliyoandikwa "Kibuyu, Ngorongoro", kimekuwa bubu. Kitazame kwa karibu: shingo yake imezungushiwa ukanda wa ngozi uliolainika kwa mikono ya miaka mingi, kifuniko chake kimeshonewa kauri, ambazo hazikuzaliwa katika nyika hizi, zilitoka pwani kwa mikono ya wasafiri na wachuuzi, na ukisogeza pua mdomoni mwake utasikia harufu ya moshi, kwa sababu mwanamke aliyekitumia alikisafisha kwa kijinga cha mti wa oloirien, akayapa maziwa ladha na kuyazuia yasiharibike upesi. Nani alikishona? Alipewa na mama yake siku ya ndoa, au alikinunua mnadani? Kilikuwa cha maziwa ya mtoto, ya mume, au ya wageni? Kwa Kimaa huitwaje, na je, mwanamke wa Kakesio hukiita jina lile lile linalotumiwa Loliondo? Kiliachwa lini kutumika, na badala yake kikaja nini, dumu la plastiki au sufuria? Majibu ya maswali haya ndiyo mali yenyewe, na hakuna profesa awezaye kuyapata kwa kukitazama kibuyu peke yake. Yanapatikana kwa bibi mmoja, naye hataishi milele.

Utaratibu wa kuyaandika si mgumu, ila unataka nidhamu. Kila kitu kipewe namba ya mwaka na ya zamu yake, mathalani 2025/14, iandikwe katika daftari kubwa lenye jalada gumu, na namba hiyo hiyo iandikwe kwa penseli juu ya kipande cha kadi kinachofungwa kwa uzi wa pamba, kwa kuwa wino wa kalamu hufifia na kuenea ukiguswa na unyevu, ilhali penseli hukaa. Usibandike gundi wala utepe wa plastiki juu ya kitu, maana utakapobanduliwa utaondoka na rangi au ngozi. Katika daftari andika jina la mtoaji, kijiji chake, siku alipotoa, na kama ametoa moja kwa moja au ameazima. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasemea, kisha tafsiri. Andika na jina lako wewe uliyesikia, ili atakayetilia shaka baadaye ajue pa kuuliza. Ukirekodi kwa simu, omba idhini kwanza, na usiku ule ule uihamishe sauti mahali pa pili. Daftari nalo liwe na nakala, ikae katika nyumba nyingine. Daftari likiungua pamoja na vitu hasara ni mara mbili, na likiungua peke yake vitu hubakia yatima.

Lakini nani atakayekwenda kwa bibi yule, na atakwendaje? Hapa vijana wa mjini wengi hukosea kwa pupa. Usifike asubuhi mifugo ikitoka na watu wakiwa na kazi zao. Fika baadaye, ukiwa na mwenyeji anayejulikana, na mkononi sukari na majani ya chai. Kama u kijana, inamisha kichwa mzee akiguse, ndipo mazungumzo yaanze. Usianze na swali lako. Uliza kwanza habari za mvua, za malisho, za watoto, na usubiri hata kama chai ikichukua saa nzima kuchemka, kwa kuwa katika saa hiyo wewe ndiye unayesomwa. Mzee akisema jambo fulani haliambiwi watu wa nje, funga daftari. Kuna nyimbo na habari za rika na za tiba ambazo wenyewe wameziwekea mipaka, na makumbusho yenye heshima hayavunji mlango wa mtu ili kupata cha kupamba kabati. Na baada ya hayo yote, rudi. Rudi na maandiko yako, umsomee mwenyewe kwa sauti, akusahihishe, umwachie nakala na picha. Nimeona watafiti wakisifiwa kwa vitabu ambavyo waliozaa maarifa yaliyomo hawakuviona hata jalada, na sioni namna ya kuliita jambo hilo ila dhuluma.

Wale waliozifunika upya nyayo za Laetoli walitambua umuhimu wa kuwashirikisha wenyeji. Hawakutosheka na hesabu za kihandisi. Waliwaita wazee wa Kimasai wa vijiji vya jirani, na loiboni, yaani kiongozi wao wa ibada, akaongoza tambiko la kimila mahali pale, kondoo akachinjwa, watu wakaelezwa kilichomo chini ya mawe na kwa nini hakipaswi kuguswa. Hatua hiyo ilikuwa sehemu ya ulinzi kamili, kwa kuwa mahali palipo mbali na kituo chochote cha askari hulindwa na watu wanaopita hapo na mbuzi wao.

Na watu wa nchi zetu wamekuwa na sehemu katika habari ya Laetoli tangu mwanzo. Aliyemfanya Louis Leakey afike Laetoli mwaka 1935 alikuwa mtu wa nchi hizi aliyemwambia kwamba kusini mwa Oldupai kuna mifupa iliyogeuka mawe. Miaka michache baadaye Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alichimba huko huko na kando ya Ziwa Eyasi, na mengi aliyoyapata yalisafiri hadi Tübingen, Ujerumani. Mwaka 1974 Maundu Muluila, mmoja wa wafanyakazi wa Mary Leakey, aliliona taya lililopewa jina LH 4, ambalo baadaye lilichukuliwa kuwa kielelezo rasmi cha jamii ya kale ya Australopithecus afarensis. Na mwaka 2015 wanaakiolojia wa Kitanzania, miongoni mwao Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, waligundua nyayo nyingine kiasi cha mita 150 kutoka zile za kwanza, walipokuwa wakichimba mashimo ya uchunguzi kabla ya kujenga makumbusho mahali hapo. Kama ujenzi ungeanza bila uchunguzi, zege lingemwagwa juu yake.

Watu wa Kakesio, haya yanawagusa ninyi moja kwa moja, maana tabaka za udongo wa Laetoli zinafika kwenu, na wataalamu wamekusanya visukuku katika ardhi ya Kakesio vyenye umri unaokaribia au kuzidi miaka milioni 4, vikongwe kuliko nyayo zenyewe. Mchungaji wa mbuzi katika korongo la Kakesio baada ya mvua kubwa anaona kwa macho yake mambo ambayo chuo kikuu kizima hakiwezi kuyaona kutoka Dar es Salaam. Basi ukiona mfupa wa jiwe umetokeza, au jino, au kitu mfano wa unyayo, usiuchukue. Mfupa uliotolewa mahali pake umepoteza nusu ya habari zake, kwa kuwa umri wake husomwa katika udongo unaouzunguka. Weka alama ya mawe hatua chache kando, piga picha ukiwa na simu yenye kuonyesha mahali, kisha toa habari kwa mtendaji wa kijiji na kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kufukua bila kibali, na kuuza vitu hivi ni jinai. Ajaye kwa siri akiwa na fedha na gunia, huyo si mgeni wa heri, hata akija na maneno matamu ya elimu. Mngeweza hata kuchagua kijana mmoja katika kila kitongoji awe mwenye kupokea habari hizi na kuziandika. Huyo angekuwa mjitoleaji wa makumbusho hata kama hajawahi kukanyaga Arusha.

Narejea mjini, kwenye kuta. Adui wa jengo la kale ni maji kwanza, mchwa baadaye, na ukarabati wa haraka mwisho wao, ingawa pengine huyu wa tatu ndiye mharibifu kuliko wenzake. Kabla ya vuli na kabla ya masika, panda ngazi utazame mifereji ya paa, uzoe majani na viota, umwage ndoo ya maji upande wa juu uone kama yanatokea chini au yanapotelea ukutani. Mvua ikinyesha, njoo na mwavuli. Hakuna siku nzuri ya kulikagua jengo kama siku ya mvua, kwani ndipo linapoonyesha linapougua. Mchwa hujenga vijia vya udongo vyembamba kama kamba kutoka msingini kwenda kwenye fremu za milango. Ukivifuta tu umefuta ushahidi, basi viandike kwanza, uonyeshe, ndipo fundi aitwe. Popo wakiwa darini, kinyesi chao kisifagiliwe bila kuifunika pua na mdomo. Ama kuhusu kuta, nyingi za zama hizo zilijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, ambayo hupumua na kuutoa unyevu. Fundi akija na saruji akaziba nyufa, ukuta utapendeza kwa mwaka mmoja, kisha unyevu uliofungiwa ndani utaibambua lipu na kuozesha mawe. Usikubali saruji juu ya chokaa bila neno la mtaalamu, hata kama mfadhili mwenyewe ndiye aliyeileta mifuko. Na kila ufa uandikiwe tarehe, uwekewe alama ya penseli katika ncha zake mbili, ili mwezi ujao ijulikane kama umesogea. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la mwaka 1883 lililotumika kwa ofisi za serikali na baadaye kuwa makumbusho, ilianguka wakati wa ukarabati na watu wakapoteza maisha. Majengo haya si ya mchezo. Mjitoleaji aonaye hatari na aiandike kwa mhifadhi, aweke nakala, na kama hajajibiwa aandike tena.

Juu ya utunzaji wa vitu vyenyewe nitasema machache, kwa kuwa mengi hufundishwa kazini. Ngozi, manyoya na mbao huliwa na wadudu. Dalili yake ni unga mwembamba chini ya kitu. Usipulize dawa ya dukani juu yake. Kikiwa kidogo, hufungwa barabara katika plastiki na kuwekwa kwenye friza yenye baridi kali kwa wiki mbili, na wadudu hufa bila sumu. Nguo na shanga zilizotungwa zisiwekwe mbele ya dirisha la magharibi. Mikono iwe safi na mikavu, na kitu kibebwe kwa mikono miwili, kikishikwa chini yake.

Wageni, na hasa watoto, wana haki ya kuambiwa ukweli kwa lugha yao. Mtoto wa Kimasai au wa Kiiraqw aliyekuja kuona habari za kwao asihubiriwe kana kwamba ni mtalii. Aulizwe yeye, kwa kuwa huenda kibuyu kilicho ndani ya kioo kiko kwao kimeangikwa ukutani. Usimweleze Mhadzabe kuwa ni mabaki ya zama za mawe: ni raia wa leo, anaishi Mang'ola na kando ya Eyasi, na ana jina. Usilolijua sema hulijui, uliandike swali, ulitafutie jibu. Chumba kimoja kilichoelezwa vizuri katika nusu saa humfaa mtoto kuliko vyumba vyote vilivyopitiwa mbio.

Juu ya fedha nitakuwa mfupi na mkali. Mjitoleaji asipokee kiingilio mkononi, asichukue bakshishi kwa niaba ya nyumba bila stakabadhi, wala asiuze shanga za dada yake ndani ya jengo la umma. Michango ya chama cha marafiki wa makumbusho iwekwe benki kwa saini zaidi ya moja na isomwe mbele ya wanachama kila mwaka.

Nimebakiza jambo lililonisukuma kuandika. Tangu Juni 2022 kaya nyingi zimeondoka katika eneo la Ngorongoro na kwenda Msomera, wilayani Handeni, na nyingine bado zinapima mustakabali wao. Sitaki katika ushauri huu kuingia katika hukumu ya jambo hilo, ambalo limejadiliwa kwa uchungu na watu wengi. Nasema tu lile linaloihusu kazi yetu: familia ikihama huchukua mifugo na vyombo, lakini jina la kilima, kisima kilichochimbwa na babu, mti wa mikutano, mahali rika fulani lilipotahiriwa, njia ya kupita na ng'ombe mwaka wa ukame mkubwa, hayo hayapakiwi katika lori. Hukaa katika kumbukumbu ya waliokwenda na ya waliobaki, na kila upande ukibaki na nusu yake. Kazi hii haiwezi kungoja jengo jipya, wala bajeti, wala mradi wa wafadhili.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kakesio na Endulen wawape wanafunzi wao wakubwa daftari, wawatume kwa mabibi na mababu wakati wa likizo, waandike majina ya mahali na habari zake kwa Kimaa na kwa Kiswahili. Nawaomba ndugu walio Msomera wafanye vivyo hivyo kule waliko. Na nawaomba wajitoleaji wa Arusha wayapokee madaftari hayo, wayape namba, wayanakili, na kumwandikia kila mtoto aliyeleta barua ya kukiri kwamba kazi yake imefika na imewekwa. Barua ya kwanza kwa mhifadhi iandikwe wiki hii, kabla masika hayajaifunga njia ya Kakesio.